Kabla ya Kutia Saini: Majibu kwa Wanaotaka Kuwa Watathmini wa Ufundi Stadi

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yanauliza jambo moja: mtu anafikaje kuwa mtathmini aliyesajiliwa katika elimu na mafunzo ya ufundi stadi, yaani yule anayepima kama mtu ameufikia umahiri wa fani, na akishafika anafanyaje kazi yenyewe. Nimechagua manane. Kazi hii naipenda na nimeifanya kwa miaka mingi, kwa hiyo penye jambo zito nitakaa, penye jepesi nitapita.

Mimi ni fundi bomba, nina miaka 14 kazini. Shule niliiacha mapema na cheti cha ufundi sina. Naweza kuwa mtathmini?

Unaweza, ndugu yangu, ila kuna hatua moja kabla yake. Mamlaka za usajili kwa kawaida hutaka vitu viwili kwa mtu mmoja: umahiri wa fani uliothibitishwa, na mafunzo ya kutathmini. Cha kwanza unacho mikononi lakini huna kwenye karatasi. Anzia hapo. Omba utambuliwe ujuzi ulioupata nje ya mfumo rasmi, ule mpango ambao VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, huuita urasimishaji wa ujuzi. Hurudishwi darasani kuanza upya. Unapimwa kwa kile unachokiweza, unaonyeshwa pengo kama lipo, unaliziba, unapewa cheti chako. Utafaidika na jambo jingine pia: utakuwa umewahi kusimama upande wa mtahiniwa, spana mkononi, mtu anakutazama na kuandika. Mtathmini aliyepitia hilo huongea na watahiniwa kwa namna nyingine.

Kisha unachukua kozi ya utathmini. Afrika Kusini wengi wamepitia kiwango namba 115753 cha kuendesha tathmini inayozingatia matokeo, ngazi ya 5, krediti 15. Viwango vya kundi hilo vinaondolewa hatua kwa hatua, kwa hiyo ulizia kwanza kinachopokelewa kabla hujalipa ada popote. Australia wana Cheti cha IV cha Mafunzo na Tathmini, TAE40122. Majina hutofautiana, ila ndani utakuta mambo yaleyale: kupanga tathmini, kumwandaa mtahiniwa, kukusanya ushahidi, kuamua, kutoa mrejesho, kuweka kumbukumbu. Kozi nzuri haikupi cheti kwa kukaa tu. Inakutaka utathmini watu halisi huku wewe mwenyewe ukitazamwa. Ukiona inayomalizika wikiendi moja bila wewe kumtathmini mtu yeyote, iache.

Nina shahada ya ualimu na nafundisha ushonaji miaka sita sasa. Kwa nini nilazimishwe kusomea kutathmini tena?

Naelewa unavyojisikia, mwalimu, kwa sababu nami nilitokea darasani. Tatizo ni kwamba ualimu unatupa mazoea mazuri ambayo kwenye tathmini yanageuka kuwa kosa. Mwalimu akiona mwanafunzi anataka kushona zipu upande usio wake, mkono unakwenda wenyewe kumwelekeza. Mtathmini akifanya hivyo ameharibu ushahidi, kwa sababu sasa kazi si ya mtahiniwa peke yake. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nashika ubao wa kuandikia kwa mikono yote miwili nisije nikanyoosha kidole.

La pili ni kulinganisha. Darasani tumezoea kusema huyu wa kwanza, yule wa kumi. Mwaka 1963 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Robert Glaser, alitenganisha vipimo viwili: kumpima mtu kwa wenzake, na kumpima kwa kigezo kilichowekwa. Mafunzo yanayozingatia umahiri (Kenya wengi husema umilisi) yamesimama juu ya hicho cha pili. Kama kiwango kinataka mshono usiokunja kitambaa na vipimo visivyozidi tofauti iliyotajwa, basi hata wote ishirini wanaweza kufikia, na hata wote ishirini wanaweza kukosa. Mwenzake alishona vipi si kazi yako siku hiyo.

Nimetuma maombi ya usajili mara mbili, yamerudishwa. Vyeti vyote nimeambatanisha. Nakosea wapi?

Sikuona faili lako, lakini kosa ninalolikuta mara nyingi liko kwenye wasifu wa kazi. Usajili hautolewi kwa jumla. Unasajiliwa kwa eneo maalumu: fani hii, ngazi hii, moduli hizi. Ukiandika "fundi magari, miaka tisa" msomaji wa faili hawezi kujua kama umewahi kufungua giaboksi au ulikuwa ukibadilisha tairi. Chukua orodha ya moduli unazoziombea, weka mbele yako, kisha onyesha kwa kila moja ni wapi na lini ulifanya kazi hiyo. Barua ya mwajiri nayo itaje kazi zenyewe, isiishie kukusifu tabia. Hakikisha pia cheti chako cha fani kiko ngazi ileile unayoombea au juu yake. Na nakala zithibitishwe upya. Muhuri wa zamani unatosha kurudisha faili zima.

Mtahiniwa alifanya karibu kila kitu sawasawa, naweza kusema asilimia 90, ila akaruka hatua moja ya usalama. Nimpitishe?

Hapana. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu ilipo.

Niliwahi kumtathmini kijana wa umeme. Asubuhi alikuwa amefunga mabomba ya waya ukutani, yamenyooka, klipu zimepangwa kwa nafasi sawa, raha kutazama. Mchana kazi ilikuwa kubadilisha soketi kwenye sakiti inayotumika. Alizima breka, akaifunga kwa kufuli, akatundika kibao cha onyo. Vizuri kabisa. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu ya kwanza, akaenda ya pili. Testa ilikuwa mfukoni mwa ovaroli lake, naiona ilivyochomoza, na haikutoka.

Nikamwambia, "Simama hapo, weka bisibisi chini." Mtathmini haingilii kazi ya mtahiniwa, isipokuwa pale ambapo mtu anaweza kuumia. Hapo unaingilia bila kusubiri.

Akaniambia, "Lakini breka nimezima, mwalimu."

"Umezima. Umejuaje kwamba uliyoizima ndiyo ya soketi hii?"

Alinyamaza, akaitazama ile breka.

Utaratibu unajulikana. Unaijaribu testa kwanza mahali unapojua pana umeme. Unapima pale unapotaka kufanyia kazi. Kisha unarudi kuijaribu tena pale pa mwanzo. Hatua hiyo ya tatu ndiyo wengi huiona ya ziada, kumbe ndiyo inayokuhakikishia kwamba testa haikufa katikati ya safari. Testa iliyokufa na waya usio na umeme vinakupa jibu lilelile: kimya.

Kwenye fomu niliandika kwamba moduli ile bado hajafikia umahiri. Mabomba ya asubuhi yalibaki na matokeo yake mazuri, kwa sababu ni moduli nyingine. Hakuna kujumlisha na kugawa. Asilimia 90 ni hesabu ya mtihani wa maandishi. Kwenye kazi ya namna hii kuna vigezo ambavyo kukosa kimoja ni kukosa moduli nzima, na kiwango chenyewe ndicho kinachokuambia ni vigezo gani. Vijue kabla ya siku ya tathmini, na mtahiniwa avijue pia.

Angalia na maneno ya mrejesho. Niliandika: "Alifungua soketi bila kupima kama umeme umekatika." Sikuandika kwamba ni mzembe. La kwanza nililiona kwa macho, anaweza kulirekebisha. La pili ni hukumu juu ya mtu, na hakuna mamlaka iliyonisajili kwa hilo. Neno "bado" nalo lina uzito wake, usiliache. Kijana yule alirudi siku nyingine, na testa ilikuwa kitu cha kwanza kutoka mfukoni.

Natakiwa kuuliza maswali ya mdomo baada ya kazi. Mhakiki, yule anayekagua kazi yangu ya tathmini, anasema maswali yangu "yanampa mtu jibu". Ana maana gani?

Jisikilize unavyouliza. Kiswahili chetu kina kineno kidogo, "si", kinachofanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. "Si ungefunga gesi kwanza?" Mtahiniwa afanye nini hapo zaidi ya kuitikia? "Au siyo?" mwishoni mwa swali ni hivyohivyo. Hata sauti inayopanda kwenye jibu sahihi humsaidia.

Uliza hivi: "Ungeanza na nini?" Halafu kaa kimya. Kimya kile kitakuchosha wewe kabla hakijamchosha yeye, vumilia. Akijibu nusu, sema "endelea" au "nini kingine?", usimmalizie sentensi. Na maneno yake yaandike kama alivyoyasema, maana atakayehakiki kazi yako hakuwepo. "Amejibu vizuri" si ushahidi.

Maswali ya mdomo yanafaa hasa kwa mambo usiyoweza kuyaona siku hiyo: moto ukizuka, mashine ikikwama, nyenzo ikiwa na kasoro. Lakini yasichukue nafasi ya kazi ya mikono. George Miller, aliyekuwa akishughulika na mafunzo ya madaktari, alipanga ngazi nne mwaka 1990: mtu anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anafanya. Anayekueleza vizuri jinsi ya kuchomelea amefika ya pili tu.

Mtahiniwa wangu ni fundi hodari wa useremala lakini kuandika kunamshinda. Mtihani wa nadharia ni wa maandishi. Nimsaidie kwa namna gani bila kumpendelea?

Badilisha njia, usiguse kiwango. Kama kigezo kinataka ajue sababu ya mbao kupinda, hakuna ubaya akieleza kwa mdomo huku maneno yake yakirekodiwa au yakiandikwa na mtu mwingine. Hapo unapima maarifa ya mbao. Ila kama kigezo chenyewe ni kusoma mchoro na kuandika orodha ya vipande vya kukatwa, basi kuandika ni sehemu ya kazi, na kumwondolea ni kumpa cheti cha kitu asichokiweza. Mabadiliko yoyote yaombwe mapema kwa kituo, na yaandikwe. Usiyaamue mwenyewe palepale karakanani kwa huruma.

Nikitathmini kwa kutumia potifolio, yaani mkusanyo wa ushahidi wa kazi za mtahiniwa, nitajuaje kazi ni yake kweli?

Shika maswali manne. Ushahidi huu unahusu kigezo ninachokipima? Ni wake? Ni wa karibuni? Unatosha? Australia huyaita kanuni za ushahidi, na hata pasipo na jina hilo watathmini makini huyauliza.

La "ni wake?" ndilo litakusumbua. Wakati fulani nilipitia potifolio tatu za uchomeleaji kutoka kituo kimoja. Picha zilikuwa safi, kila mtu na kipande chake. Nilipozipanga mezani pamoja nikaona kitu: mdomo wa jiliwa kwenye picha zote tatu ulikuwa umemeguka mahali palepale, jambo ambalo si ajabu kwa karakana moja, lakini tone la chuma lililoganda pembeni ya mshono nalo lilikuwa lilelile, umbo lilelile, katika zote tatu. Kipande kilikuwa kimoja. Sikumshutumu mtu. Niliwaita mmoja mmoja, nikamwomba kila mmoja anisimulie alivyoandaa kingo, alitumia elektrodi gani, mkondo aliuweka wapi na kwa nini. Kisha nikaomba kila mmoja achomelee mbele yangu. Wawili waliweza. Wa tatu alihitaji muda zaidi, na ndiye aliyefaidika kuliko wote kwa kusimamishwa pale.

Mkuu wa kituo hakufurahi. Alisema nachelewesha vyeti. Ukikutana na shinikizo la namna hiyo, jibu kwa maandishi, taja kigezo na ushahidi unaokosekana, nakala ibaki kwako. Na kama mtahiniwa ni ndugu yako, au una maslahi naye kwa namna yoyote, tamka mapema na uombe mtathmini mwingine. Usingoje kuulizwa.

Nilisajiliwa, kisha nikakaa muda bila kutathmini. Usajili wangu bado upo?

Angalia tarehe kwenye barua yako ya usajili, kwa sababu usajili mwingi una muda wa kuisha na huhuishwa kwa masharti. Wanaohuisha hutazama mawili: kama umeendelea kutathmini, na kama bado uko karibu na fani yako. Uingereza kuna watathmini waliopata vyeti vya D32 na D33 miaka ya 1990. Vyeti hivyo vilikuja kufuatwa na vingine zaidi ya mara moja, na mwenye cheti cha zamani hutarajiwa kufanya kazi kwa viwango vya sasa.

Kwako nashauri hivi. Rudi karakanani au kazini walau kwa muda mfupi, uone vifaa vimebadilika wapi. Omba kuketi na mtathmini anayefanya kazi sasa, muwatathmini pamoja watahiniwa wawili watatu, kila mmoja aandike uamuzi wake peke yake kabla hamjalinganisha. Mkitofautiana, rudini kwenye kigezo mkisome pamoja neno kwa neno. Na kuanzia leo weka daftari: tarehe, moduli, idadi ya watahiniwa, jina la aliyehakiki. Siku ya kuhuisha utaombwa hayo hayo.