Kwa anayeanza kazi ya Naibu Mkufunzi Mkuu katika skuli ya marubani

Wewe uliyeteuliwa karibuni umetoka katika kiti cha kulia cha ndege ya mafunzo, ambapo ulimjua kila mwanafunzi kwa mikono yake: yupi anaukaba usukani, yupi anazisahau pedali. Kuanzia sasa wengi wao utawajua kwa maandishi ya walimu wengine, na huo ndio ugumu wenyewe wa kazi hii. Mkufunzi Mkuu ndiye mwenye dhamana ya mafunzo mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, lakini asipokuwepo saini ni yako, na hata akiwepo, mengi humfikia yakiwa yameshapita mkononi mwako.

Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha jalada la kijana aliyesemekana yuko tayari kuruka peke yake. Ripoti zake zote ziliandikwa "vizuri". Nilisimama kando ya maegesho nikamtazama akija kutua: aliinua pua ya ndege mapema mno, ndege ikaelea, ikapoteza mwendo, ikapiga chini kwa kishindo na kudunda. Namshukuru Mungu kwamba alikumbuka alilofundishwa, akaongeza nguvu ya injini, akazunguka upya na mara ya pili akatua salama. Nilipolifungua tena jalada niliona kwamba hakuwahi kuruka ila na mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo, kwa kumpenda mwanafunzi wake, alikuwa akimvutia usukani kidogo kila wanapotua bila ya mwenyewe kutambua. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetia saini.

Tangu siku hiyo mwanafunzi haruki peke yake kabla ya kupimwa na mwalimu asiye wake, na mwalimu huyo aweke mikono magotini. Wala siipokei tena ripoti ya neno moja. Nataka niandikiwe alitua mara ngapi, mara ngapi bila ya kusaidiwa, na upepo ulikuwaje.

Upepo nautaja kwa sababu hapa kwetu ni nusu ya mafunzo. Njia ya kurukia ya Kiembesamaki, kwenye uwanja wa ndege wa Unguja, imelala kaskazini na kusini, na kusi linapovuma huja kutoka kusini-mashariki, likampiga rubani ubavuni. Upepo unaotoka nyuzi 150 za dira wenye kasi ya maili 16 za baharini kwa saa humpa anayetua kuelekea kusini takriban maili 8 za ubavuni, kiasi ambacho mwalimu hakihisi na mwanafunzi mwenye saa kumi na tano za kuruka hukihisi sana. Kwa hiyo panga safari zao za awali asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika kasi. Tena njia yetu ina urefu unaozidi mita 3,000, nao humficha mwenye kosa la kuelea, kwa kuwa mbele yake daima ipo nafasi iliyobaki. Kosa hilo hudhihirika Pemba, ambako njia ni kama nusu ya hiyo, kwa hiyo usimruhusu mtu kwenda huko peke yake hadi awe ametua mara kadhaa mahali ulipomwekea alama.

Mwezi wa Ramadhani uzungumze na wanafunzi mapema. Joto la ndani ya ndege ndogo saa nane za mchana si jambo jepesi kwa aliyefunga, na kijana akijua kwamba hataonekana dhaifu, atakwambia mwenyewe kuwa leo hawezi.

Lililo zito zaidi ni kumpima mwalimu aliyekuzidi umri. Yupo ambaye umemwamkia shikamoo tangu hujajua ndege ni nini, na leo wewe ndiye wa kumwambia kwamba ufundishaji wake umelegea. Mwamkie kama siku zote, kisha mpime kama unavyowapima wengine, na ukiwa na la kusema mwambie mkiwa wawili, mlango umefungwa. Ukimsamehe kwa ajili ya heshima, atakayelipa ni mwanafunzi.

Na wazazi watakuja. Mzee mmoja wa Wete, aliyeuza karafuu za misimu miwili kumlipia mwanawe, aliniuliza kwa upole kwa nini kijana ametimiza saa 40 za kuruka na hajapelekwa kwenye mtihani. Nilimweleza kwamba saa 40 za leseni ya rubani binafsi ni kiwango cha chini kabisa, kisha nikamfungulia jalada tukalisoma pamoja, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka pale ilipoandikwa kwamba mwanawe bado hutua akiwa ametoka nje ya mstari wa kati. Mzee aliirudia sentensi hiyo mara mbili, akaniuliza yamebaki mafunzo ya siku ngapi.