Njiti wangu alirudi wodini kwa "mafua tu"

Mama njiti mwenzangu, nimesoma ulivyoandika: mtoto kazaliwa wiki ya 31 ya mimba, sasa ana mwezi na siku kadhaa, mafua tangu juzi, joto hana, analala mno, ziwa analishika kidogo anaachia. Unauliza kama usubiri kukuche. Mimi nilisubiri, ndiyo maana nakujibu usiku huu.

Wangu alizaliwa wiki ya 30, kilo 1.3. Tukakaa wodini, kangaruu (mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi) mchana na usiku, tukatoka na kilo 1.9 nikijua yameisha. Wiki ya pili nyumbani wageni wakaanza kuja kumwona mtoto. Shangazi mmoja, na kikohozi chake, akambusu kabisa. (Shangazi mtu mzima utamnyima mtoto? Siku hizi namnyima.) Siku ya nne pua ikaziba. Zahanati wakanipa antibiotiki ya maji, wakasema mafua ya kawaida, mbona hana homa. Na kweli hakuwa nayo. Hapo ndipo nilipodanganyika, kumbe njiti anaweza kuzidiwa na mwili usipate joto hata kidogo.

Saa nane usiku nikashtushwa na ukimya. Nikamvua fulana, nikawasha tochi ya simu: chini ya mbavu panabonyea kila akivuta hewa, tundu za pua zinatanuka, kichwa kinanesanesa. Nikahesabu dakika nzima, pumzi 74. Halafu akaacha kupumua. Nikamsugua nyayo, akarudi, midomo imeshabadilika rangi. Sikumbuki bajaji nililipa shilingi ngapi.

Siku sita za oksijeni puani, na maziwa niliyokamua akipewa kwa mpira wa kulishia. Daktari akanieleza kuwa ni kirusi kinaitwa RSV. Kwa shangazi ni mafua, kwa njiti kinavimbisha vijia vya hewa ambavyo tangu mwanzo ni vyembamba, kamasi inaviziba. Antibiotiki haikiui. Tena kinga ya mama humfikia mtoto zaidi miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na wetu waliikosa. Marekani na Ulaya kuna chanjo ya wajawazito tangu 2023. Kliniki niliyohudhuria mimi hakuna aliyewahi kuitaja.

Kuhesabu ni hivi: mtoto ametulia, halii, tumbo liko wazi, dakika nzima, si nusu ukazidisha mara mbili. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Jiko la mkaa litoke ndani, na dawa za kuchua alizoleta mama mkwe zisimguse. Chanjo fuata tarehe aliyozaliwa, si ile aliyotarajiwa kuzaliwa.

Ila hayo ni ya kesho. Njiti anayelala mno na kukataa ziwa hahitaji kuhesabiwa pumzi kwanza. Mfunge kifuani, chukua kadi yake, amsha baba yake mtoke. Ukifika uniandikie, niko macho.