Jibu: Mawaridi yanaota ukungu kabla ya kukauka

Habari dada. Umesema mawaridi uliyoning'iniza jikoni, hapo Kirumba, yameota ukungu katikati ya fungu. Angalia kwanza unene wa fungu lenyewe: mashina matano au sita yanatosha, majani yote uyatoe. Kata kama saa nne asubuhi, umande ukishakauka, ua likiwa nusu limefunguka. Lililochanua kabisa litapukutika tu. Funga kwa mpira wa kufungia noti, maana shina likikauka hunywea, uzi ukalegea na maua yote chini. Jikoni toa kabisa, mvuke wa sufuria ndio adui. Chumba chenye giza na hewa inayopita; jua hupausha rangi. Baada ya wiki mbili au tatu jaribu shina: likipinda, bado; likikatika kwa mlio, shusha.