Kano ya mguu wa kulia ilikatika, sasa wa kushoto unauma

Swali: Daktari, nina miaka 43. Miezi minne iliyopita kano ya kisigino cha kulia ilikatika nikicheza mpira. Sikupasuliwa, nilifungwa plasta kisha nikavaa buti ya matibabu. Siku hizi nikiamka, kisigino cha kushoto kinauma na hatua za kwanza nachechemea. Je, na hiki kitakatika?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Huo mguu wa kushoto ndio uliobeba mzigo wote huku mwenzake akiuguzwa. Maumivu ya asubuhi yanayopungua ukishatembea kidogo kwa kawaida huonyesha kano iliyoelemewa. Hayana maana kwamba itakatika kesho.

Hata hivyo sitakuficha. Aliyekatika kano upande mmoja yuko hatarini kuliko watu wengine kukatika upande wa pili, pengine miaka kadhaa baadaye, ingawa walio wengi hawafikwi na hilo. Ni nadra kano kukatika ikiwa nzima kabisa. Mara nyingi huwa imeanza kuchakaa kimyakimya, hasa sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, ambako damu hufika kwa uchache. Na kilichoichakaza ya kulia huenda kinaigusa ya kushoto pia.

Ndiyo maana nakuomba ukumbuke dawa ulizotumia. Siprofloksasini na levofloksasini, antibayotiki zinazoandikwa kila siku, zinaweza kudhuru kano. Mwaka 2008 Marekani iliamuru ziwekewe onyo zito kwa sababu hiyo. Hatari huzidi kwa anayetumia pia steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) na kwa aliyevuka miaka 60. Usikatishe dozi mwenyewe, ila kila anayekuandikia dawa mwambie kano yako iliwahi kukatika. Sindano ya steroidi kwenye kano yenyewe, ikatae.

Kuhusu mguu wa kulia, utafiti wa Norway uliotolewa 2022, wenye wagonjwa 526, ulikuta kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa na asilimia 0.6 ya waliopasuliwa. Wengi hukatika tena katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo kipindi kibaya zaidi umekipita. Bado kuteleza kwenye ngazi kunatosha kukurudisha nyuma. Usiuvute kwa nguvu ukidhani unaunyoosha: kano ikipona ikiwa ndefu kupita kiasi, mguu hupoteza nguvu ya kusukuma, na kuirudisha ni kazi ngumu mno.

Kwa kushoto, punguza mwendo mrefu na vilima, lakini usiupumzishe kabisa. Simama, inua visigino vyote viwili, shusha taratibu. Maumivu madogo yakiisha kufikia kesho yake, endelea; yakizidi, punguza. Mpira usubiri hadi uweze kuinua kisigino cha kulia peke yake, juu na mara nyingi karibu sawa na cha kushoto, na mtaalamu wako wa fiziotherapia aridhike. Miezi minne ni mapema mno.

Ukisikia mlio wa ghafla, kama umepigwa teke kwa nyuma, lala kifudifudi nyayo zikining'inia nje ya kitanda, mtu akubinye shavu la mguu. Unyayo usiposogea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata ukisogea, kama huwezi kusimama kwa ncha za vidole, nenda.