Jibu: Katriji ya Super 8 haiingii kwenye kamera ya babu

Ndugu wa Jinja, umeuliza kama unaweza kutumia katriji ya Super 8 (kasha lililofungwa lenye filamu ya sinema) kwenye kamera ya sinema ya babu. Hiyo katriji usiipasue ili uviringishe filamu yake kwenye spuli tupu (kigurudumu cha kuviringishia filamu) uliyoikuta ndani ya kamera, utapoteza hela. Kamera ya babu ni ya 8mm ya zamani. Inakula spuli ya futi 25 yenye filamu ya upana wa milimita 16: upande mmoja ukiisha unaigeuza, halafu maabara ya kusafisha filamu wanaichana katikati. Super 8, iliyotoka 1965, ina milimita 8 tu. Hata filamu ya kawaida ya 16mm haifai, matundu yake ya pembeni, yanayoshikwa na kamera kuivuta, ni nusu ya yanayotakiwa.

Chungulia tundu la katikati la spuli: upande mmoja mapengo 3, wa pili 4. Ikigoma kukaa, umeigeuza vibaya, usilazimishe. Na pakia kivulini! Mimi nilipakia saa sita mchana hapa Kampala, kingo zote zikaungua mwanga.