Pampu haipimwi kwa omu

Msomaji wa Igombe anayemwagilia nyanya kwa maji ya ziwa ameniandikia: "Fundi, pole na kazi. Pampu yangu ya hosipawa moja imeungua tena, na ilikuwa imeshasukwa upya koili zake. Fundi wa hapa alipima koili akapata omu 5, akagawa 230 kwa 5, ikaja ampea 46, akafunga breka ya 50. Ubovu ni wa pampu au wa umeme?"

Ubovu ni wa breka, ile swichi inayojikata mkondo ukizidi, ndugu yangu. Pampu ya hosipawa moja ya fezi moja ikiwa kazini hula ampea 6 au 7 hivi. Ikikwama kwa mchanga ikaanza kuvuta 25, breka ya 50 itaiangalia tu mpaka varnishi inayokinga koili iungue na kutoa harufu.

Kanuni yenyewe kila aliyefika kidato cha pili anaijua: ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni volti gawanya kwa ampea, nguvu ni volti mara ampea. Wengi hawajui inaishia wapi. Omu 5 za koili ni za waya wa shaba uliotulia. Mota ikizunguka, huzalisha volti zake zinazopingana na zinazoingia, na koili yenyewe huuzuia mkondo wa AC, yaani umeme wa nyumbani unaogeuka-geuka mwelekeo, zaidi kuliko inavyoonyesha multimita, ambayo hupima kwa betri. Kwa hiyo omu za mota hutumika kujua kama koili imekatika au imepiga shoti. Kuchagulia breka, hapana.

Kwa ampea, tumia klampu mita, kipimo kinachobana waya bila kuukata. Bana waya mmoja peke yake, laini au nyutro. Ukibana zote mbili pamoja utasoma sifuri, kisha useme kifaa kibovu. Pima volti pale pale waya unapoungwa kwenye pampu, maji yakiwa yanatoka. Tuseme umepata volti 222 na ampea 6.4. Ukizidisha unapata 1,421, lakini hizo bado si wati. Mota za aina hii huwa na pawafakta, yaani sehemu ya hizo iliyo nguvu halisi, ya 0.75 mpaka 0.9, ukizidisha kwa 0.8 zinabaki wati 1,137, na hizo ndizo LUKU inazokata. Breka ya 16 inatosha kulinda waya. Mota ilindwe na ovalodi, kifaa kinachoizima ikivuta ampea kupita kiasi, iliyosetiwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati chake. Anayefunga pampu bila ovalodi anamtafutia msukaji mota kazi.

Sasa waya. Shamba liko chini ziwani, LUKU iko nyumbani, na katikati kuna mita 80 za waya wa milimita za mraba 1.5 kwa sababu ndio wa bei nafuu. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 160. Shaba ni omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba: 0.0175 mara 160, gawanya kwa 1.5, ni omu 1.87. Kwa ampea 6.4 unapoteza volti 12, mota inavumilia. Wakati wa kuwasha, mkondo ukifika ampea 30 tu, zinapotea volti 56. Mota inabaki na 174, na nguvu yake ya kuanza kuzunguka inashuka mpaka karibu asilimia 57. Inanguruma, haizunguki, inachemka. Badili uweke waya wa 4: omu 0.7, na wakati wa kuwasha zinapotea volti 21.

Hita na pasi hazina vituko hivyo. Hapo kanuni inafanya kazi karibu bila kasoro. Hita ya wati 2,000 kwa volti 230 ina omu 26.5. Umeme ukija mdogo, ukapima volti 197 na ampea 7.4, ukinzani ni 26.6. Hita ni nzima, usiifungue. Ila nguvu imeshuka mpaka wati 1,458, na maji ya dakika 20 yatachukua 27 au zaidi. Uniti zitakazoliwa hazitofautiani sana, maana inavuta kidogo kwa muda mrefu.

Wavuvi wa dagaa wenye taa za volti 12 ndio wanaoonewa zaidi na ukinzani mdogo. Taa ya wati 36 inavuta ampea 3. Klipu ya betri ikishika kutu ikawa na omu 0.17, inakula volti 0.5 na kutoa wati 1.5 za joto pale pale kwenye klipu. Ndiyo maana plastiki yake inalainika. Omu 0.17 hutaziona kwa multimita ya kawaida, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 au zaidi. Washa taa, weka ncha moja kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye waya baada ya klipu, soma volti, gawanya kwa ampea. Fanya hivyo chanya na hasi. Ukiihamishia multimita kwenye tundu la ampea, ipitishe mkondo wa taa, usiiguse moja kwa moja nguzo mbili za betri: kwenye tundu lile ukinzani wake ni karibu na sifuri, hiyo ni shoti. Ukimaliza, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti kabla hujakaribia soketi.