Kikao kimebana mno au kimelegea mno? Sisi tulianza kwa kuihamisha "Mengineyo"

Mkuu, umesema bosi wenu akija na ajenda 11 watu wanaitikia tu mpaka kikao kinafungwa, na siku aliyowaachia mseme mnavyotaka mlitoka baada ya masaa matatu bila azimio hata moja. Hili limenisumbua miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Nafanya kazi ya kubuni khanga hapa Dar. Kwenye khanga, pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (yale maneno yanayoandikwa) havina mjadala, lazima viwepo. Kinachobaki ni kutafuta ua, rangi na jina la kumfanya mama asimame dukani asome mara mbili. Ungetegemea vikao vyetu viwe vimejaa mawazo. Wapi! Kufungua, kuthibitisha ajenda, muhtasari, yatokanayo, taarifa za idara, mengineyo, kufunga.

Siku moja tumefika kwenye mengineyo, saa saba kasoro, watu wameshashika funguo za magari. Binti wa mauzo, mgeni kazini, akanyoosha mkono. Akasema wenye maduka Mtaa wa Uhuru wanalalamika kwamba maandishi ya jina tumeyapunguza mno, mama wa makamo hawezi kuyasoma khanga ikiwa imetundikwa juu. Alikuja na kipande kabisa, amekikunja vizuri kwenye mkoba. Hakuna aliyekipokea. Katibu akaandika "wazo limepokelewa, litafanyiwa kazi", kikao kikafungwa. Mzigo ulichapwa vilevile, na sehemu kubwa ikalala stoo mpaka Idi ikapita. Mchoro ule niliusimamia mimi. Nilipaswa kukiomba kile kipande, na mpaka leo naumia.

Tukaenda upande wa pili, tukafuta ajenda. Wakawa wanaongea walewale watatu. Na bosi akishasema "mimi naipenda nyekundu", mambo yameisha. Kwetu mkubwa akishatamka, nani atamkatiza?

Kilichotusaidia ni kurudisha ajenda, ila mengineyo tukaipandisha ikawa ya kwanza baada ya kufungua kikao, akili zikiwa bado mbichi. Ina dakika 20, simu ya katibu ikilia tunahamia linalofuata. Dakika tano za mwanzo hakuna kuongea. Kila mtu anaandika mawazo matatu bila jina lake, kisha anampa wa pembeni ayaendeleze. Utaratibu huu tuliuazima kwa Mjerumani Bernd Rohrbach, ni wa mwishoni mwa miaka ya 1960: watu sita, mawazo matatu, dakika tano. Na hata kabla yake, mwaka 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu wakifikiri kila mmoja kivyake, halafu mawazo yao yakajumlishwa, wanapata mengi kuliko idadi ileile ya watu wakifikiri kwa pamoja. Sababu mojawapo naiona kila Jumatatu: unasubiri mwenzako amalize, na la kwako limeshapotea.

Karatasi zikishasomwa, wa cheo cha chini ndiye anaanza kuchangia, bosi wa mwisho. Hapa ndipo pagumu. Nilimfuata ofisini kwake peke yangu, maana jambo kama hili humwambii mtu mzima mbele ya wafanyakazi wake. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ninyamaze mpaka lini?" Nikamwambia, "Mpaka wote wamalize, mzee." Wiki za mwanzo alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu muda wote, lakini alinyamaza. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Tahadhari moja: msifanye hivi kwa kila kitu. Ratiba ya likizo, bajeti ya mafuta, tarehe ya mchoro kufika kiwandani, hayo yasomwe, yaamuliwe, mwendelee. Mkianza kuandikiana karatasi kuhusu likizo, watu watachoka nazo kabla hamjafika kwenye jambo linalozihitaji.

Yule binti siku hizi ndiye msomaji wa karatasi zetu, na kila jina jipya analitundika kwanza ukutani, juu kabisa, tulisome tukiwa mlangoni.

Nyie kwenye kikao mko wangapi? Mkizidi kumi, kaeni meza mbili, karatasi zizunguke kila meza kivyake.